Binti yetu ana saratani ya damu: tubaki Kampala au turudi Mwanza?

Kutoka: Mama wa Ntinda
Jumapili usiku

Wapendwa, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Wengine mmeshasikia juu juu, basi afadhali mlisikie kwangu. Binti yetu, yule wa darasa la nne, amekutwa na saratani ya damu, lukemia ya aina inayowapata zaidi watoto. Kabla ya hapo, muda wote tulikuwa tunaambiwa malaria. Anapewa dawa, homa inashuka, baada ya wiki mbili imerudi. Kliniki ya mtaani ilibadilisha dawa, ikaongeza vidonge vya kuongeza damu, wala hakuna aliyesema mpelekeni mbele. Mwalimu wake ndiye aliyeona michubuko miguuni, na mtoto hakuanguka wala hakupigwa. Akipiga mswaki fizi zinatoka damu. Tukapima damu yote, tukapelekwa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, wakamtoa uboho nyongani. Majibu ndiyo hayo, na kemo, yaani dawa za kuua saratani, imeshaanza.

Sasa naombeni mawazo. Bibi yake Mwanza analia kwenye simu kila siku, anataka turudi. Mkataba wa baba yake hapa umebakiza mwaka mmoja na nusu, na daktari anasema matibabu ni miaka miwili hadi mitatu. Halafu mtoto mwenyewe tumemwambia ana upungufu wa damu. Ananitazama tu, naona kabisa haamini. Mimi nalala naye wodini, kaka yake yuko nyumbani na dada wa kazi, hata sijui kama anakwenda shule amekula.

Msinipe pole nyingi. Nikipewa pole nalia, na hapa sina pa kulilia.

Kutoka: Kaka wa Kabalagala

Dada, tumesikia. Mimi ni O chanya, na jamaa zangu wa mpira wako tayari. Kesho asubuhi tunakwenda benki ya damu ya Nakasero kutoa damu wote kwa pamoja, tunapata hata kumi.

Kutoka: Shangazi wa Jinja

Mwanangu, majani ya mstafeli. Chemsha, anywe kikombe asubuhi na jioni. Kuna mtu wa kwetu Muheza alipona. Hizo kemo zinaua watoto, wala usizikimbilie.

Kutoka: Sista wa Nsambya

Shangazi, kwa heshima zote, hapana. Nimefanya kazi ya unesi miaka mingi, Kisumu na hapa. Dawa za kemo zinapita kwenye ini, na majani yanapita kwenye ini hilohilo. Mtoto akigeuka macho kuwa ya njano hatutajua ni nini kimemdhuru, na daktari atalazimika kusimamisha dawa zinazomponya. Akitaka kunywa chochote cha kienyeji, kionyeshwe daktari kwanza.

Mama wa Ntinda, nunua kipimajoto leo. Cha duka la dawa kinatosha, bora kiwe chako na kikae kwenye mkoba. Akiwa nyumbani na joto likifika 38, usingoje kupambazuke. Usimpe panado kwanza ili ulale, panado inaficha homa. Panda boda, panda teksi, amsha jirani mwenye gari, nenda. Mtoto ambaye kinga yake imeshuka anaweza kucheza saa mbili usiku na alfajiri akawa mahututi. Aspirini na dawa za maumivu za kujinunulia usimpe, zinaongeza kutoka damu.

Shuleni nako, mwalimu mkuu aambiwe. Mtoto yeyote darasani akipata tetekuwanga au surua, mpigiwe simu siku hiyohiyo, hata kama binti alikuwepo kwa nusu siku tu. Na chanjo yoyote, ya kwake au ya kampeni ya shule, muulize daktari kwanza.

Kaka wa Kabalagala, nyinyi msiende kumi siku moja! Chembe za kugandisha damu zinakaa siku tano tu kwenye hifadhi, basi. Mkitoa wote kesho, wiki ya tatu akihitaji hakuna wa kumwita, maana mwanamume anangoja miezi mitatu na mwanamke minne kabla ya kutoa tena. Jipangeni wawili wawili. Na mtazame kalenda ya shule. Wachangiaji wengi wa damu Uganda ni wanafunzi, shule zikifungwa damu inakuwa adimu nchi nzima. Wekeni watu wenu wa akiba kwa ajili ya likizo.

Kutoka: Mama wa Najjera

Pole umeikataa, basi nakupa kazi.

Wangu alikuwa na ugonjwa huohuo, alimeza vidonge vya mwisho mwaka jana na sasa anagombana nami kuhusu simu kama watoto wengine.

Hilo la kurudi: sasa hivi usimhamishe. Awamu ya kwanza, wiki nne au tano hivi, ndiyo ya kusafisha uboho, na ndipo kinga inaporomoka. Kumpandisha mtoto wa hivyo basi la kwenda Mutukula mpakani, mshuke mpange foleni ya mihuri, kisha Bukoba, kisha Mwanza, ni kumtafutia maambukizi. Ngoja awamu iishe, uboho upimwe tena, halafu mkae na daktari. Bibi naye msimwone mjinga. Hospitali ya Bugando pale Mwanza wanatibu saratani za watoto, na Muhimbili, Dar es Salaam, lipo shirika la Tumaini la Maisha, wanatibu watoto bila malipo. Nyumbani tiba ipo. Ila mkihama, hameni kwa barua, daktari kwa daktari, na nakala ya majibu yote na orodha ya kila dawa aliyokwisha kupata na kiasi chake, ili huko wasianze kubahatisha.

Ninachokiogopa mimi ni kitu cha katikati. Mtoto ananawiri, nywele zinaota, watu wanasema kapona, mnakwenda nyumbani Krismasi mnasema mtarudi Januari, nauli inakosekana, vidonge vinaisha. Wodini niliwaona waliorudi baada ya kukatisha, na ugonjwa ukirudi unakuwa mkaidi kuliko wa kwanza. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema linataka angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030. Nchi tajiri wanapona zaidi ya asilimia 80, kwetu huku ni chini ya 30, na watu wanadhani ni dawa tu. Kuchelewa kugunduliwa kumo, umeliona mwenyewe. Kukatisha kumo pia. Kwa hiyo uamuzi wenu si Kampala au Mwanza. Uamuzi ni wapi mtaweza kukaa hadi kidonge cha mwisho. Ukiwa na mkataba wa mwaka na nusu, anza kumuuliza mwajiri sasa, si mwezi wa mwisho.

Pesa. Mwezi wa kwanza utachangiwa mpaka ushangae. Mwaka wa pili hakuna anayekumbuka, na hapo ndipo kuna safari za kliniki, vipimo, na dawa ambayo leo ipo kesho unaambiwa kainunue nje. Kwa hiyo anayetaka kukupa laki tatu leo mwambie asante, anipe elfu hamsini kila mwezi kwa miezi sita. Wengine watanuna, waache. Pesa ikiingia kwenye simu lipa moja kwa moja kwa simu inapowezekana, maana ukiitoa kwa wakala serikali inachukua nusu asilimia ya pesa unayotoa, mbali na ada ya kutoa. Ni ndogo, lakini kwa miaka mitatu inakuwa mfuko wa mchele. Daftari moja, mtu mmoja wa kuandika, asiwe wewe wala mume wako.

Kuhusu kumwambia: mwambie. Wangu alijua kutoka kwa mtoto wa kitanda cha jirani, aliyemwelezea vizuri kuliko daktari. Mtoto wa miaka tisa wodi nzima ya vipara anaiona, wewe unamwambia upungufu wa damu! Sema jina la ugonjwa, sema hakuna alichokosea, si kwa sababu ya kitu alichokula wala kwa mtu kumroga, haiambukizi, na sindano zitauma nawe utakuwepo. Akiuliza kama atakufa usimkatize. Mwambie dawa hizi zimeponya watoto wengi na ndiyo maana mnavumilia sindano.

Stiroidi, mojawapo ya dawa atakazopewa, zitamfanya ale, nakuonya. Wangu aliniamsha saa nane usiku anataka rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, mayai mawili, kabichi isiwemo. Nikampikia kwenye sigiri nje huku mbu wananimaliza, akala yote, halafu akalia kwa hasira kwa sababu imekwisha. Uso utavimba mashavu, atakuwa mkali kwa kaka yake. Si tabia yake, ni dawa, na inapita. Chakula kipikwe na kiliwe cha moto. Embe la kukatwa barabarani hapana, saladi hapana, kwa muda. Nywele wala zisikuumize kichwa. Shule nyingi za hapa wasichana wananyolewa hata hivyo, darasani hatatofautiana na mtu.

Na huyo kaka yake. Nani anamtazama?

Kutoka: Mzee wa Old Kampala

Mama wa Ntinda, mwambieni bibi hivi kwa niaba yangu. Nimekaa mji huu tangu Obote alipotawala mara ya kwanza. Mulago ndipo daktari Burkitt alipoandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto, na Taasisi ilifunguliwa 1967 kwa ajili ya ugonjwa huo. Watoto wa hapahapa ni miongoni mwa walioonyesha dunia kwamba saratani inaweza kuondoka kwa dawa. Vita vimepita, wataalamu walikimbia, wengine wakarudi. Bibi asidhani mjukuu wake yuko porini.

Kutoka: Dada wa Makindye

Siye Wakongo wa hapa tunawafahamu Bless a Child, wana nyumba ya watoto wa saratani na wazazi wanaotoka mbali. Nyinyi Ntinda si mbali, lakini bibi akija au mkikwama, ulizeni. Na maumivu yakizidi, Hospice Africa hapa Makindye wako tangu 1993, wana mofini ya maji ya kunywa. Watu wanaogopa hilo jina wanasema ni mahali pa kufia. Mtoto wa dada yangu walimtoa maumivu, akaendelea na kemo, leo yuko shule.

Kutoka: Mama wa Ntinda
Jumatano

Asanteni. Shangazi nimekupigia, hujakasirika, nashukuru.

Tumeamua. Tunabaki mpaka awamu hii iishe, baba yake ameshaandika kazini kuomba mkataba uongezwe, na akikataliwa tutahama kwa barua kama alivyosema Mama wa Najjera. Bibi anakuja yeye badala ya sisi kwenda. Anataka kuleta dagaa wa gunia zima.

Jana nilimwambia. Akauliza kama ni ile ya yule mtoto wa dirishani, nikasema ndiyo, akasema alijua. Halafu akauliza nani anamlisha sungura wake. Sikuwa na jibu, kwa sababu na mimi sikujua.

Kwa hiyo: Kaka wa Kabalagala anapanga ratiba ya damu. Daftari la pesa Mzee wa Old Kampala amekubali. Kaka mtu anahamia kwa Sista wa Nsambya Jumatatu hadi Alhamisi, atakwenda shule na wanawe, na sungura anahama naye. Bado natafuta mtu mwenye gari Ntinda au Naguru kwa Alhamisi asubuhi, tutoke kabla ya saa kumi na mbili, foleni ya Wandegeya haijaamka. Mafuta nitalipia. Wanaokuja wodini, wenye mafua msije. Maua msilete. Mkitaka kuleta kitu, leteni vitabu vya Kiswahili, hapa vya Kiingereza vimejaa na ameshavimaliza.