Gredi ya 10: bweni kubwa la masista au kutwa ya parokia? Nisaidieni kulinganisha

MamaKinanda
Tumsifu Yesu Kristo. Na msio wa kwetu, hamjambo.

Binti yangu amepangiwa shule ya wasichana ya Kikatoliki, ya bweni, nje kidogo ya jiji la Nairobi upande wa magharibi. Ni kubwa, wasichana zaidi ya 1,300. Sisi tunakaa Umoja, na parokia yetu ina shule ya kutwa, wavulana na wasichana pamoja, hata 400 hawafiki. Mwalimu mkuu wa hapo ameniambia nafasi ipo nikitaka kuomba uhamisho. Mtoto mwenyewe ni mkimya, anapiga kinanda kwaya ya vijana, na njia ya masomo aliyochagua ni Sanaa na Michezo kwa sababu ya muziki. Babake anataka bweni. Mimi usingizi umenikimbia. Mliopitia huko, semeni.

Namba4417
Milele na milele, amina. Mimi nimesoma moja ya hizo kubwa. Sitaji jina lake, lakini jina langu la hapa ndilo nililoitwa miaka minne. Deputi, yaani naibu mwalimu mkuu, hakuwahi kunijua kwa lingine.

Nikueleze asubuhi ya kule. Kengele saa kumi na nusu. Kuna mabomba manne nyuma ya bweni na sisi tuko zaidi ya mia, kwa hiyo mjanja anajaza ndoo usiku na kuisukuma chini ya kitanda. Ukiamka unakuta maji yamepungua nusu, na hakuna aliyeona kitu. Unaoga na yaliyobaki. Halafu prepu, yaani kujisomea darasani, halafu foleni ya uji. Ukiwa mono, yaani mgeni wa mwaka wa kwanza, na umesimama mbele, siku hiyo utajua kwamba foleni ina wenyewe.

Jumapili ndiyo nilikuwa naipenda. Watu elfu na zaidi wakiimba Utukufu, sauti nne, bila kinanda, paa la mabati linatetema. Sijawahi kusikia kitu kama hicho tena, hata basilika pale mjini. Komunyo peke yake ilikuwa inachukua nyimbo tatu. Na sista wa kwaya, huyo alitujua sote 80 kwa majina. Alikuwa anaweza kusimamisha wimbo katikati aseme, "Fulani, hiyo si sauti yako."

Kwa hiyo mtoto mkimya kwenye shule kubwa anahitaji mahali pamoja ambapo atajulikana. Wako ana kinanda. Wengi wetu hatukuwa na kitu.

BabaTwins_Donholm
Mama, mimi nilichagua kutwa kwa sababu moja: nataka kuona mtoto wangu akila chakula cha jioni. Sasa ukweli. Kazi yangu iko Industrial Area, Jogoo Road na msongamano wake mnaijua, nafika nyumbani saa tatu usiku. Wanangu washakula, mmoja yuko kwenye simu na mwingine ananidanganya kwamba hawakupewa kazi ya ziada. Kutwa ni nzuri kama kuna mtu mzima nyumbani saa kumi na moja jioni. Kama hakuna, umelipia bweni lisilo na matroni.

Faida yake ni hii: shida nazijua siku hiyo hiyo. Mwezi wa tatu mmoja aliacha kula mchana kwa sababu ya kijana fulani darasani. Niliona kwa macho yangu. Kwenye bweni ningesubiri hadi siku ya kutembelewa.

Mzee_wa_Kabaa
Vijana, msidharau hizi shule kubwa za Kanisa. Masista wa Loreto walifika nchini 1921. Mang'u, ile ya wavulana, ilianzia Kabaa 1925, kabla haijahamishwa. Loreto Limuru ilianza kusomesha wasichana Waafrika 1936, na Wangari Maathai, yule wa Tuzo ya Nobel, alimaliza hapo 1959, akaenda Marekani mwaka uliofuata. Hao wote walikaa bweni, na maji yalikuwa baridi zaidi ya hayo ya 4417.

Namba4417
Mzee, shikamoo. Wangari hakuibiwa maji na wasichana mia.

Mzee_wa_Kabaa
Marahaba. Unajuaje?

Mwalimu_Kemia
Nafundisha shule ya aina hiyo, kwa hiyo nipunguzieni mishale.

MamaKinanda, kabla ya mambo ya ndoo, uliza njia. Sekondari pevu, inayoanza Gredi ya 10, ina njia tatu: Sayansi na Teknolojia, Sayansi za Jamii, Sanaa na Michezo. Shule si zote zina tatu. Nyingi ndogo zina mbili za kwanza tu, maana muziki unahitaji mwalimu, chumba na vyombo. Ukimhamishia mtoto shule ambayo haina Sanaa na Michezo, umembadilishia masomo bila kumwambia. Hilo ndilo swali la kwanza kwa mwalimu mkuu wa parokia.

La pili, usikubali kuambiwa tu "tunayo." Omba kuingia kwenye chumba cha muziki. Nimeona shule iliyoandika Muziki kwenye karatasi, na chumba chenyewe kimejaa magodoro ya wageni wa mwaka juzi.

Karo: chini ya mtaala wa zamani wa 8-4-4, shule za kitaifa za bweni zilipangiwa shilingi 53,554 kwa mwaka, zikigawanywa 50:30:20 kwa mihula mitatu. Kwa hesabu hiyo muhula wa kwanza ni 26,777 kabla hujanunua hata soksi. Soma barua yenu ya kujiunga kwa makini, hasa ile karatasi ya pili ya "mahitaji mengineyo." Huko ndiko mzazi hulilia.

UmmuSalma
Naomba niingilie ingawa mimi ni Mwislamu. Binti yangu yuko mwaka wa tatu shule kubwa ya masista. Nilipigiwa simu na ndugu zangu wote nilipomkubalia. Misa ya Ijumaa anakaa nyuma na wenzake wasio Wakatoliki, wakati wa Malaika wa Bwana saa sita anasimama kimya kama wengine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule, yaani Kanisa, jukumu la malezi ya kiroho, na hapo hapo inamtaka alinde imani za wengine. Nilikwenda na nakala yangu imepigwa mstari. Sista mkuu akacheka, akasema hahitaji kuisoma, akanionyesha chumba cha swala. Kidogo, kina mkeka, kinafunguka.

Mwaka wa kwanza kulikuwa na mwalimu mmoja wa zamu aliyemlazimisha kushika rozari mwezi wa kumi. Nilikwenda, tukaongea, ikaisha. Lakini nilijua baada ya wiki tano. Hapo nakubaliana na BabaTwins.

BabaTwins_Donholm
Wiki tano! Mimi ningekuwa nimezeeka.

Mama_Brayo
Mimi neno moja tu. Kutwa unalipa nauli, na mvua ya Aprili ikinyesha nauli inapanda mara mbili kabla mtoto hajafika stejini. Yangu nimemaliza.

MamaKinanda
Asanteni nyote. Nilikwenda kote kuwili.

Kwa parokia, mwalimu mkuu alikuwa muungwana. Hana njia ya Sanaa. Alisema binti atasoma Sayansi za Jamii na kinanda kitamngoja kanisani Jumapili. Hakuficha kitu na nilimheshimu kwa hilo.

Jumamosi tukaenda kule kukubwa. Mlinzi alituandika kitabuni, akatuonyesha njia. Nikaomba chumba cha muziki kama Mwalimu_Kemia alivyosema. Mama wa ofisini akasita, nikajua ni magodoro. Si magodoro. Vinanda viwili vya umeme kwa wasichana sijui wangapi, kimoja hakiwaki, kingine kina vibonyezo vitatu visivyolia. Ngoma nzuri sana ukutani. Nikataka kuondoka.

Binti akaketi bila kuombwa. Akapiga ule wimbo wa matoleo wa kwetu, na kila alipofika penye kibonyezo kibovu akaruka kwenda sauti ya chini, mara ya kwanza akikosea, mara ya pili hakukosea tena. Sista mmoja mzee akaja akasimama mlangoni na bakuli la njegere mkononi. Hakusema kitu mpaka wimbo ulipoisha, kisha akamuuliza, "Wewe ni nani?"

Matatu ya kurudi tulikaa kimya. Tulipofika Westlands akaniuliza kama lile sanduku la bati la kakake bado lina kufuli.

4417, kuna njia ya kufunga ndoo?