Mteja kila wiki "niko sawa tu", nafanyaje?

mshauri_mpya: Wadau, nina mteja wa ushauri nasaha, nikimuuliza anaendeleaje anajibu niko sawa tu, halafu uso unasema mengine kabisa. Nyie mnapimaje maendeleo?

mama_ushauri: Tumia fomu za wanasaikolojia Scott Miller na Barry Duncan, ORS (anavyoendelea maishani) mwanzo wa kikao na SRS (alivyokiona kikao chenyewe) mwishoni, kila moja mistari minne ya sentimita 10, anaweka alama tu kwenye kila mstari, unapima kwa rula, jumla ya juu kabisa 40. SRS ikiwa chini ya 36 asiondoke hivihivi, muulize kwa upole nini hakijakaa vizuri.

wa_Tanga: Ila wengi wanaona aibu kumkosoa mshauri hasa aliyewazidi umri, wanakupa 40 zote. Mwambie kabisa alama ndogo inakusaidia, na usimkodolee macho akijaza.

mshauri_mpya: Na asiyejua kusoma?

mama_ushauri: Msomee, aoneshe kwa kidole.