Mwisho wa Sholay ninaoukumbuka haumo katika filamu niliyoitazama wiki hii

Mguu_Juu (Arusha)

Ndugu zangu, salaam. Hii ni wiki ya nne nimekwama nyumbani Sakina, mguu wa kulia ukiwa umefungwa plasta ngumu, ile ambayo mtaani tunaiita hogo, baada ya kuteleza kwenye ngazi za nyumba yangu mwenyewe asubuhi moja ya masika. Zimebaki wiki mbili. Redio imenichosha, na majirani waliokuwa wakija kunipa pole wamerudi kwenye shughuli zao, kwa hiyo nimejikuta nikirudia filamu nilizozipenda utotoni, moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta ya mke wangu.

Ya kwanza kuitafuta ilikuwa Sholay, ile picha ya Kihindi. Niliitazama mara ya kwanza mwaka 1996, nikiwa darasa la tano, katika banda la video la Ngarenaro lenye mabenchi ya mbao na gunia lililoning'inizwa mlangoni kuzuia mwanga, na naamini niliirudia pale si chini ya mara sita. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni mwisho wake: Thakur, yule mzee aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, anamkanyaga adui yake kwa viatu vyenye misumari mpaka anakata roho. Nakumbuka hata mtumishi wake akiipigilia ile misumari kwenye soli. Juzi nimefika sehemu hiyo, nikajiweka sawa kwenye kochi nikisubiri haki itendeke, na badala yake wakatokea polisi, wakamzuia Thakur, wakamchukua Gabbar akiwa hai. Mtumishi na misumari yake sikuwaona kabisa.

Nikampigia simu mjomba wangu, mstaafu anayeishi Moshi, ambaye aliitazama picha hiyo ukumbini enzi zake. Alinicheka sana. Anasema polisi walikuwemo tangu siku ya kwanza, na kwamba mimi nimechanganya na picha nyingine ya Kihindi au nimeota.

Kinachonisumbua zaidi ni mazungumzo. Gabbar wa kumbukumbu yangu alikuwa na maneno ya mzaha, na nakumbuka vizuri akiwafokea vijana wake huku akitaja ndizi za soko la Tengeru. Gabbar ninayemsoma sasa, katika tafsiri inayopita chini ya picha, ni mtu wa kutisha tu. Ndizi najua haziwezi kuwamo, sijachanganyikiwa kiasi hicho, lakini ule mwisho niliuona kwa macho yangu. Je, kuna mwenye kumbukumbu kama yangu, au mjomba ameshinda?

Mzee_wa_Majengo (Moshi)

Mwanangu, pole kwa mguu. Nasikitika kuongeza maumivu, lakini niko upande wa mjomba wako. Niliitazama Sholay katika ukumbi wa Plaza hapa Moshi, miaka ya mwisho ya 1970, na huenda mimi na mjomba wako tulikaa safu moja bila kujuana. Polisi walikuja. Nakumbuka kwa sababu vijana waliokuwa nyuma yangu walizomea: walitaka Gabbar afe, na serikali ikawanyang'anya raha yao.

Hata hivyo, kilichobaki moyoni mwangu kuhusu picha ile ni kifo cha Jai, yaani Amitabh Bachchan. Sisi tuliolelewa na sinema tulijua sheria moja isiyo na mjadala, kwamba stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatumbukizwa mtoni, lakini mwisho ataoana na binti na wataimba. Jai alipolala akivuja damu mikononi mwa rafiki yake Veeru, tulisubiri ainuke. Hakuinuka. Ndipo Veeru anaichukua ile sarafu ambayo Jai alikuwa akiirusha kila walipotaka kuamua jambo, anaigeuza, na anagundua kwamba pande zake zote mbili ni sawa. Kumbe mwenzake alikuwa akichagua kufa tangu mwanzo. Ukumbi uliokuwa ukipiga miluzi saa nzima ulinyamaza kama msibani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jambo moja ninaweza kulisema kwa kukutetea. Wakati ule filamu nyingi zilipitia mikononi mwa Shirika la Filamu Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1968, na mikanda ilikuwa ikizunguka kutoka mji hadi mji hata ikatufikia huku ikiwa imechakaa. Mkanda ulipokatika, mwendesha mashine alikata kipande kilichoharibika, akaunganisha, na maisha yakaendelea. Kwa hiyo watu wawili waliotazama picha moja katika miji miwili wangeweza kabisa kubishana juu ya tukio dogo, na wote wakawa wakweli. Lakini mwisho mzima wa filamu haupotei kwa mkasi wa mwendesha mashine. Hapo sina utetezi.

Fundi_Deki (Arusha)

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, naomba kuwatoa kijana na mjomba wake katika ugomvi huu, kwa sababu wote wawili wanasema kweli.

Mwongozaji Ramesh Sippy alipiga kwanza mwisho ambao Mguu_Juu anaukumbuka, Gabbar akifa chini ya miguu ya Thakur. Bodi ya ukaguzi wa filamu ya India ikaukataa. Ilikuwa mwaka 1975, serikali ya Indira Gandhi ilikuwa imetangaza hali ya hatari mwezi Juni, na hoja ya wakaguzi ilikuwa kwamba Thakur ni ofisa wa zamani wa polisi, hivyo haifai aonekane akijichukulia sheria mkononi, au tuseme mguuni. Ikabidi waigizaji warudi, mwisho mpya upigwe, polisi waingizwe. Huo ndio uliotoka tarehe 15 Agosti 1975, na ndio waliouona mjomba na mzee wetu. Lakini mwisho wa kwanza haukuchomwa moto. Kuanzia miaka ya 1990 ulianza kusambaa kwenye kanda za video, ukiwa pamoja na tukio la mtumishi kuipigilia misumari, na kanda hizo ndizo zilizotufikia mabandani. Mwaka 2025, filamu ilipotimiza miaka 50, nakala iliyosafishwa upya yenye mwisho huo wa awali ilionyeshwa Bologna, Italia.

Kama unataka kujua nakala uliyonayo ni ipi kabla hujapoteza jioni nzima, tazama urefu wake. Ile ya ukumbini ina takriban dakika 198, na ile ndefu takriban 204.

Nitaongeza jambo la kiufundi, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilisha. Kanda ya kawaida ya video tuliyokuwa tukiuza ilibeba dakika 180. Piga hesabu mwenyewe: Sholay haikuenea, toleo lolote lile. Aliyekuwa akinakili alipaswa ama kutumia kanda mbili, ama kutafuta ile ya dakika 240 iliyokuwa ghali, ama kufyeka nyimbo. Katika maktaba yangu ya video ilikaa kama kanda mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira, na siku moja mteja alizirudisha akiwa amekasirika, akidai filamu ilianza katikati na watu wote walikuwa tayari wanafahamiana. Alikuwa ameanza na ya pili.

Ukipata kanda zako za zamani, tafadhali usikimbilie kuziingiza kwenye deki. Mvua za hapa kwetu huleta ukungu mweupe pembeni mwa utepe, na ukungu huo ukiingia kwenye deki huchafua kichwa cha kusomea, halafu kanda safi inayofuata nayo inaambukizwa. Peleka kwanza kwa mtu anayejua kuzisafisha, na ikichezeka vizuri, inakiliwe siku hiyohiyo iwe faili, kwa kuwa huna uhakika itacheza tena.

Binti_wa_Momella (Usa River)

Kwa kuwa Fundi ametaja hali ya hatari, niruhusuni nizungumzie filamu yenye jina hilo, kwa sababu kisa changu ni kinyume cha chako, Mguu_Juu. Filamu yako ilibadilishwa na watu. Yangu haijabadilika hata kidogo, ila mimi ndiye nimebadilika.

Mwaka jana nilikuwa likizo ya uzazi, usingizi wangu ukiwa vipande vipande, na usiku mmoja nikafungua Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962. Marehemu baba alikuwa akituwekea kila Krismasi. Sisi watoto tulimpenda John Wayne akiwa amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, na kamba yake ndefu mkononi, akimkimbiza kifaru, na tuliwapenda watoto watatu wa tembo wanaomfuata Elsa Martinelli kwenda kuoga, kwa ule muziki wa Henry Mancini ambao hata asiyeijua filamu anaujua. Tulijivunia kwamba wenyeji ndani ya filamu wanampa jina la Mama Tembo, kwa Kiswahili chetu.

Safari hii, nikiwa na mtoto kifuani, sikuwatazama waigizaji hata kidogo. Nilitazama nyuma yao. Filamu ilipigwa sehemu zetu hizi kabla ya Uhuru na ikatoka baada ya Uhuru, na vumbi lile, migunga ile, na Mlima Meru unaochungulia mawinguni ndivyo ninavyoviona nikienda sokoni. Nilisimamisha picha mara nyingi, nikitafuta barabara ninazozijua. Kisha wakaja vifaru. Wanafukuzwa kama vile ni ng'ombe waliotoroka zizini, na nilipokuwa mtoto niliona ni sawa. Lakini vifaru weusi wa Afrika walikadiriwa kuwa takriban 65,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamepungua hadi chini ya 2,500 kwa sababu ya ujangili wa pembe. Leo nikitaka mwanangu amwone kifaru sina budi kumpeleka mahali kama Ngorongoro, na huko kwenyewe atamwona kama doa jeusi kwa mbali. Vicheko vya filamu viliendelea, nami sikucheka.

Hardy Krüger, yule Mjerumani, alipenda nchi hii kiasi cha kununua shamba Momella baada ya upigaji picha kwisha. Nilipokuwa mtoto nilidhani hiyo ni hadithi ya baba tu.

Njiro_Kimya

Dada, umeandika vizuri, lakini umemsamehe mwongozaji mapema mno. Hao wenyeji wanaompa mtu jina la Mama Tembo wanafanya nini kingine katika filamu ya zaidi ya saa mbili na nusu? Wanabeba, wanashika kamba, wanatabasamu. Mimi niliishia katikati na sina mpango wa kuimaliza.

Binti_wa_Momella (Usa River)

Sijamsamehe. Nimesema tu kwamba nilitazama nyuma ya waigizaji, na hao uliowataja walikuwa huko nyuma. Mmoja wa wanaume wanaoshika kamba ana mwendo kama wa babu yangu. Ndiyo maana mimi niliimaliza.

Mkaa_Benchi (Ngarenaro)

Nimesoma uzi huu wote nikisubiri mtu azungumzie zile ndizi za Tengeru, na hakuna aliyethubutu. Basi niseme mimi. Mguu_Juu, hukuota. Nimekalia mabenchi hayohayo.

Pembeni ya runinga alikaa kijana mwenye kipaza sauti, aliyekuwa akipunguza sauti ya filamu kila mtu alipofungua mdomo na kutufafanulia kwa Kiswahili. Hakujua Kihindi hata neno moja. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya kisa, ulimi mwepesi na hasira za mtu anayelipwa kwa siku. Baadaye watafsiri wa namna hiyo walipata majina makubwa, Lufufu akiwa ndiye aliyevuma kuliko wote, na sauti zao zikarekodiwa ndani ya kanda zenyewe, lakini wa kwetu alikuwa akifanya papo kwa papo, kwa hiyo kila onyesho lilikuwa na maneno yake. Siku ambayo nyanya zimepanda bei, Gabbar alilalamikia nyanya. Siku kijana mwenyewe alipokuwa amegombana na mwenye banda, Gabbar aliwauliza vijana wake kwa nini mshahara haujatoka. Basanti, yule dereva wa mkokoteni wa farasi ambaye kwa asili ni msemaji sana, alimchosha, na mara nyingi alituambia tu kwamba dada huyu bado anaongea, subirini.

Nimeitazama Sholay mara mbili ukubwani, nikiwa na tafsiri sahihi inayopita chini ya picha. Ni filamu nzuri mno, lakini ukweli ni kwamba kuna mahali nilijikuta nikimsikia yule kijana, na nikacheka peke yangu wakati Gabbar anatisha. Mke wangu aliniuliza kama niko sawa. Kanda za dunia nzima zinaweza kusafishwa na kuonyeshwa Italia, ila maonyesho yale ya Ngarenaro hakuna aliyeyarekodi.

Mguu_Juu (Arusha)

Ahsanteni sana, na mzee wa Majengo, shikamoo. Nimeangalia faili langu: dakika 198, kama Fundi alivyosema. Nimempigia mjomba nikamsomea maelezo yote kuanzia bodi ya ukaguzi hadi kanda mbili zilizofungwa kwa mpira. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba kwa karibu miaka hamsini ameishi akidhani Gabbar yuko gerezani.

Nimeona kwamba toleo lile refu linapatikana kwa njia halali, na nimelilipia. Mjomba anakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, ili amwone Gabbar akifa kabla sijafunguliwa hogo. Ameweka sharti moja tu, kwamba nisithubutu kumtafsiria. Mkaa_Benchi, kama upo Ngarenaro bado, kochi lina nafasi, na mjomba sharti hilo hajakuwekea wewe.