Naanza atachimenti redioni Jumatatu, maripota wa Mombasa nishikeni mkono

kisauni_mdogo
Asalaam aleikum wakubwa. Nasomea uandishi wa habari, diploma mwaka wa mwisho, na Jumatatu inshallah naanza atachimenti ya miezi mitatu kwa redio moja hapa kisiwani. Darasani tumefunzwa nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi, kuandika naweza, lakini sijawahi kutoka nje kutafuta habari mwenyewe, manake zote tulizoandika tulipewa na mwalimu. Sasa edita kaniambia siku ya kwanza nije na stori mbili za mtaani. Nianzie wapi? Na wenye msiba nitaongea nao vipi, hapo ndio naogopa kweli.

ripota_mtaani
Waaleikum salaam mwanangu, hongera. Mimi niko kazini mwaka wa 14 sasa, redio kwanza alafu gazeti. Kesho shuka soko la Kongowea kabla jua halijatoka, malori yakishusha mizigo, rekoda iwache mfukoni, nunua kahawa na kashata ukae uulize gunia la viazi leo ni ngapi, wiki jana lilikua ngapi na kwa nini. Mchuuzi akianza kulalamika barabara, ushuru, maji machafu, nyamaza umsikize, hapo stori ishaanza. Alafu nenda kivukoni Likoni. Na ujifunze bahari wallahi, siku za bamvua maji yakipwa sana mteremko wa kuingilia feri unakua mkali, malori yanapata taabu, foleni inarefuka, na asojua ataandika feri imeharibika.

Lakini kama utashika moja tu, shika majina. Mwaka wangu wa pili nlikua kortini, kesi ya wizi wa pikipiki, nikaandika majina mawili ya mshtakiwa na mtaa, Kisauni, nikatuma mbio iwahi taarifa ya saa saba. Sasa wewe ni wa huko wajua, majina mawili Kisauni yana watu wangapi? Jioni simu ikalia, ni mama wa kijana mwengine kabisa, fundi wa kushona. Kesho yake nikaenda mwenyewe, nikamkuta kijana amekaa kwa cherehani na hashoni, vitambaa vimekunjwa mezani kila kimoja kimebanwa karatasi ya jina, wateja walikua wamepiga simu watakuja kuchukua vitu vyao. Tulirekebisha hewani mara tatu, lakini alosikia ile ya kwanza si lazima awe alisikia hizi. Tangu siku hio naandika majina matatu, umri, mtaa na kazi, na nayasoma kwenye chaji shiti, ile karatasi ya mashtaka, kwa macho yangu, namuomba karani kwa adabu anionyeshe. Na usimwite mtu mwizi hewani korti haijasema. Mtoto chini ya miaka 18 usimtaje kabisa, wala babake wala shule yake, Sheria ya Watoto ya 2022 yamlinda.

bi_rekoda
Hilo la majina naliunga mkono kabisa. Kuhusu msiba, matangani usiingie na maiki mkononi. Piga hodi, vua viatu, kaa mkekani, toa pole utulie hata nusu saa, atatokea shangazi ama mjomba akuulize wewe ni wa wapi, huyo ndio wa kuongea naye. Ukiambiwa leo hapana, toka kwa adabu uwache namba. Nyumba moja nlirudishwa mara mbili, baada ya arubaini wakanipigia wenyewe.

Na urudi kelele zikiisha. Ajali ya feri ya Mtongwe ilikua tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa, na miaka yote hii imepita nikaongea na mama mmoja ng'ambo ile, hakuanza na feri, alianza na leso aliyojifunga dadake asubuhi ile na chai alioiwacha nusu. Nilinyamaza, rekoda ikaendelea, sikumuuliza kitu kwa muda mrefu.

kisauni_mdogo
Shukran sana, nimesoma mara mbili. Na ofisi ikikataa kunijibu je? Kuna zahanati huku watu wanaambiwa dawa hakuna, ukiuliza kwa nini unaambiwa njoo kesho.

ripota_mtaani
Andika barua. Kifungu cha 35 cha katiba ya Kenya kinakupa haki hio kama mwananchi, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 wakujibu, ikihusu uhai wa mtu ni saa 48. Kuomba hakulipiwi, labda gharama ya kutoa nakala. Usiandike "naomba habari kuhusu dawa", wataizungusha hio. Uliza dawa gani ziliagizwa, tarehe gani, zikafika ngapi. Barua yako igongwe muhuri ubaki na nakala, wakikaa kimya peleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume inayosikiza malalamiko juu ya ofisi za umma.

Na usingoje hizo siku 21 ukiwa nyumbani. Jumatatu kabla ya kwenda redioni kaa nje ya hio zahanati saa mbili hadi saa nne, umwambie edita utachelewa, uhesabu wangapi wametoka na karatasi ya daktari bila dawa, na uwaulize wanaenda kununua wapi na kwa bei gani. Majina matatu matatu, kwa anaekubali.