Folda ya hesabu kwenye seva ya biro inanijibu «Accès refusé», naomba ushauri

Kadogo_Kamalondo
Wakubwa, nisaidieni. Niko Lubumbashi, natunza kompyuta za biro moja hapa mjini. Seva ni Windows ya Kifaransa. Kuna folda ya hesabu ambayo hata mimi mwenye akaunti ya msimamizi nikiigusa inajibu «Accès refusé», yaani nimekataliwa kuingia. Nimetoa ruhusa zote za mtandao, wapi! Jumatatu asubuhi inatakiwa iwe wazi. Usingizi umepotea.

Waya_Nyekundu
Ruhusa ziko mbili, kadogo: ya kushiriki folda mtandaoni, na ya diski yenyewe, NTFS. Anayeingia kupitia mtandao anapimwa na zote, na iliyo kali ndiyo inayoshinda. Tumia takeown, amri ya kuchukua umiliki wa faili, halafu icacls, ya kubadilisha ruhusa. Ujue tu kwamba umiliki wenyewe haukupi kusoma. Unakupa haki ya kubadilisha ruhusa.

Mama_Fakturi
Kwetu umeme ulikatika amri hiyo ikiwa njiani, na betri za onduleri, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, zilishakufa zamani. Folda nyingine zikapata mwenye mpya, nyingine zikabaki na wa zamani. Watu walikuwa wanagombana nani kafungiwa na nani. Angalieni betri kwanza!

Muzee_Kampemba
Mwanangu, folda ni ya nani? Msimamizi hafungiwi hivi hivi, kuna mtu aliondoa ruhusa zake.

Kadogo_Kamalondo
Ni ya idara ya hesabu, muzee. Mimi naomba amri tu.

Muzee_Kampemba
Sikuuliza idara, nimeuliza mtu.

Kadogo_Kamalondo
Sawa. Ni ya mama mhasibu wetu, yuko konje, likizo ya uzazi. Aliifunga mwenyewe kabla ya kwenda. Aliyeniomba niifungue si mukubwa wa kazi, ni ndugu mdogo wa huyo mukubwa, ndiye anayesimamia manunuzi. Hakuandika kitu, aliniambia kwenye korido. Lakini faili ni za biro, si za yule mama, na anasema mishahara ya mwezi iko humo. Watu wakose kula? Amri nimeshaiandaa, ya diski nzima ili tumalize kabisa:
takeown /F D:\ /R /A /D Y
Sioni ubaya wake.

Bukari_Moto
Mishahara tena! Ukifungua, tuangalizie na yetu imekwama wapi 😂

Dada_Kampemba
Sheria yetu ya kazi ya 2002 hapa Kongo inampa mama wiki 14. Kuwa konje si kufukuzwa. Mimi nilirudi nikakuta meza yangu ina mtu mwingine na kabati limevunjwa, hakuna aliyeniuliza. Simu anayo, mpigie.

Waya_Nyekundu
D: yote? Hapana, hapana! Utafuta jina la mwenye kila faili ya kila mfanyakazi. Na usidhani icacls /save itakuokoa: inahifadhi ruhusa, mwenye faili haimhifadhi.

Katuba_Net
Mimi uzi huu siuamini. Windows ya Kifaransa haipokei Y ya «yes» hapo, inataka O ya «oui». Anayelala na kuamka na seva hiyo angejua. Huyu ndiye bwana manunuzi mwenyewe, kapata neno la siri la watu.

Kadogo_Kamalondo
Unanitukana bure, kaka. Amri nimeitoa kwenye ukurasa wa Kiingereza na sijaiendesha. Ningekuwa mwizi ningekuja kuuliza mbele ya watu?

Katuba_Net
Wezi wengi huuliza njia.

Waya_Nyekundu
Awe nani, jibu ni lilelile. Mukubwa mwenyewe aandike barua. Akishatia sahihi, umiliki usiuguse: nakili faili inayotakiwa tu kwa robocopy, amri ya kunakili, yenye /B, kutoka akaunti ya msimamizi. Hiyo inatumia haki ya kuhifadhi nakala na kuruka ruhusa za folda. Usiweke /SEC, la sivyo nakala itakuja na kufuli zake. Na siku ukihitaji icacls, kundi la wasimamizi linaitwa Administrateurs kwenye Kifaransa. Ukiandika namba ya kundi hilo, *S-1-5-32-544, inaelewa kwa lugha yoyote.

Muzee_Kampemba
Na mama umempigia?

Kadogo_Kamalondo
Mukubwa yuko Kolwezi, hapokei. Na mimi kazi hii ndiyo inalisha nyumba, muzee, huyu mdogo wake anaweza kunifukuzisha.

Muzee_Kampemba
Nimeuliza mama.

Kadogo_Kamalondo
Nimempigia sasa hivi. Anasema mishahara haijawahi kukaa humo, alishaituma kwa mukubwa kabla ya konje. Humo kuna fakturi, ankara za manunuzi tu, za mwaka huu na mwaka jana.

Dada_Kampemba
Yesu wangu.

Katuba_Net
Hadithi inazidi kunoga, ndiyo maana nazidi kutoiamini.

Kadogo_Kamalondo
Amini usiamini. Ananipigia tena, yuleyule wa manunuzi, anauliza kama nimemaliza. Nimwambie nini?