Wanahesabu mifumo. Waliokwama anawahesabu nani?

Wakuu, nimenyamaza muda mrefu. Leo nimefika mwisho.

Mama yangu mdogo ana duka la nafaka. Leseni ya biashara alikuwa akiikata mwenyewe miaka yote: anakwenda halmashauri (jina silitaji), anajaza karatasi, analipa, saa sita yuko dukani. Mwaka jana akaambiwa dirishani, "Mama, siku hizi kila kitu ni mtandaoni, kajaze huko." Ana kitochi. Huko ni wapi? Akaelekezwa kwa kijana wa steshenari ng'ambo ya barabara. Serikali mtandao mama mdogo aliikutia hapo, kwenye kibanda chenye kompyuta moja na mashine ya fotokopi, shilingi 5,000 kujaziwa fomu.

Kijana simlaumu. Mfumo ulidai imeli, mama hana, akaweka yake. Ukadai simu ya kupokea namba ya uhakiki, akaweka yake ili kazi iishe haraka maana nyuma kuna foleni. Paswedi akatunga yeye. Leseni ikatoka, ikachapishwa, halafu mama akaambiwa aipeleke ofisini ikagongwe mhuri. Ndiyo, mhuri.

Mwaka huu anarudi kuihuisha, anakuta kibanda kimefungwa na kijana kahamia mji mwingine. Akaunti ya mama kaondoka nayo. Kufungua mpya mfumo unakataa, kwa kuwa namba yake ya kitambulisho cha taifa imeshasajiliwa. Dirishani wanasema hawana uwezo wa kubadilisha chochote, apige simu makao makuu. Simu inaita mpaka inakata. Ameshakwenda mjini mara nne, nauli 6,000 kwenda na kurudi, duka limefungwa siku zote nne, na kila mgambo akikatiza mtaani roho inamruka.

Kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba kwenye takwimu huyu mama ni mafanikio! Ombi lake la mwaka jana limehesabiwa: mwananchi mmoja amehudumiwa kidijitali. Steshenari haimo kwenye hesabu, 5,000 haimo, na safari nne za mwaka huu hazimo, kwa sababu mtu aliyeshindwa kuingia kwenye mfumo hahesabiwi.

Mnakumbuka shangwe za ile tathmini ya Benki ya Dunia ya mwaka 2022 kuhusu matumizi ya teknolojia serikalini, Tanzania ya 26 kati ya nchi 198, ya pili Afrika, ya kwanza Afrika Mashariki? Nilifurahi na mimi. Kisha nikaenda kusoma inapimwa vipi. Majibu ya dodoso yalijazwa na maafisa wa serikali wenyewe: mfumo fulani mnao au hamna, sheria ipo, mkakati upo, taasisi ipo. Na Benki yenyewe imeandika kwamba kipimo hicho hakikukusudiwa kupanga nchi kwa nafasi wala kupima utendaji. Sisi tumekichukua hivyohivyo, tumekifanya kombe. Hakuna swali lililomfikia mama mdogo wala yule kijana wa kibandani.

Sipingi mifumo, na atakayekuja kuniambia narudisha nchi kwenye mafaili asinipotezee muda. Malipo ya serikali kwa namba ya malipo (control number), tangu yaanze mwaka 2017, yamefuta ujinga mwingi wa kumpa mtu fedha mkononi na kuomba Mungu risiti iwe halali. Yalishika kwa sababu mtu mwenye kitochi analipa mwenyewe, pale alipo, bila kumwomba mtu. Aliyebuni hilo alimfikiria mtumiaji. Kwa nini waliofuata hawakuuliza hilo swali moja: huyu bibi atafanyaje akiwa peke yake?

Uingereza waliwahi kuziamuru huduma zao za mtandaoni zitangaze mambo manne: wangapi wanatumia njia ya mtandao, wangapi walioanza wakamaliza, wameridhika kiasi gani, na kila muamala unagharimu shilingi ngapi. Hilo la pili ndilo ninalolitaka hapa. Walioanza ni wangapi, waliomaliza ni wangapi, na wamekwama ukurasa gani. Taarifa hizo mfumo unaweza kuzirekodi wenyewe. Ongezeni na la kwetu: ni maombi mangapi yanatoka kwenye simu moja au imeli moja? Ukikuta imeli moja ina leseni za watu mia mbili, hapo umeiona steshenari, na umewaona watu mia mbili ambao akaunti zao si zao.

Na kabla hamjafunga dirisha la karatasi, leteni ofisa mmoja wa kata mwenye uwezo wa kubadilisha namba ya simu kwenye akaunti baada ya kuhakiki alama ya kidole. Mmoja tu. Vidole vyetu mnavyo tayari, laini zote za simu tulizisajili kwa vidole, na Januari 2020 mkaanza kuzifunga za waliochelewa.

Jana kijana amepatikana, kwa kuulizia kwa ndugu wa ndugu. Anataka 10,000 atoe paswedi. Nimemtumia. Aliyepitia haya aandike hapa: ni huduma gani, na ulikwama ukurasa gani.