Ushuhuda wa wokovu mbele ya mgeni rasmi: pale ni mahali pake?

Mwalimu wa Newala
Wana Kusini, naombeni tulijadili hili bila matusi. Kwenye mkutano wa wakulima huku kwetu, mgeni rasmi kutoka mkoani akiwa meza kuu, mama mmoja aliitwa asome risala ya wakulima. Hakuifungua. Alianza na "Bwana Yesu asifiwe", akasimulia kwamba kabla hajaokoka alikuwa mnunuzi wa kangomba, ile biashara haramu ya kulangua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa. Anamfuata mwenye shida mikorosho ikiwa bado maua, anampa hela ya ada ya mtoto, msimu ukifika anakuja na bakuli lake kujipimia. Alipookoka akaacha, akaanza kuwarudishia watu. Ndipo akasoma risala: malipo kuchelewa, salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, kufika ikiwa haina kazi tena. Mshereheshaji alikuwa pembeni yake muda wote anamwonyesha saa. Mimi nasema hapakuwa mahali pake. Mkutano ni wa Serikali, na wengi waliomtuma ni Waislamu, wameumia kimyakimya.

Mama Ndanda
Mwalimu, fungua Matendo 26. Paulo amesimama mbele ya Mfalme Agripa, Bernike na liwali Festo, na anaeleza bila kuficha alivyowafunga watakatifu gerezani kabla ya ile njia ya Dameski. Festo akapaza sauti kwamba kusoma kwingi kumemtia wazimu. Mnakumbuka 2018 jeshi lilivyokuja kusomba korosho, bei shilingi 3,300 kwa kilo, na wenye mzigo mkubwa wakahakikiwa mashamba yao kwanza? Wanunuzi wa kangomba walivyojificha tuliwaona. Leo mtu anasimama mbele ya dola anasema "nilikuwa mmoja wao", halafu tunamhesabia dakika!

Chikongola
Dada, Paulo alikuwa mshitakiwa, aliambiwa ajitetee. Huyu alitumwa na watu. Ukitumwa chumvi unaleta chumvi. Na huyo Agripa wenu ndiye aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji, kwa hiyo ushuhuda haukumsaidia kitu.

Mama Ndanda
Aliyemuua Yohana ni Herode Antipa. Agripa wa Paulo ni kitukuu cha Herode Mkuu, mtu mwingine kabisa.

Chikongola
Herode ni Herode. Jibu hoja ya kutumwa.

Bin Mikindani
Mwalimu, mimi ni Muislamu na nilikuwa pale, nimekaa safu ya tatu. Nani kakwambia tumeumia kimyakimya? Msitusemee. Katiba ibara ya 19 inasema kutangaza dini ni huru na ni hiari ya mtu. Mzee wangu alipimiwa kwa bakuli la namna hiyo miaka na miaka, akiuza korosho za msimu mzima kwa hela ya daftari. Kumsikia mmoja wa wapimaji akilitaja lile bakuli kwenye kipaza sauti, mbele ya mkubwa, nilisisimka mwili.

Mwalimu wa Newala
Kaka, ibara hiyo hiyo inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya mamlaka ya nchi. Kesho akisimama wa dhehebu jingine akahubiri nusu saa, mtamnyamazisha kwa kigezo gani?

Kijana wa Masasi
Kigezo ni ukweli. Huku kwetu misheni ilitangulia, watu wamezoea kusema kweli mbele ya wakubwa. Pwani mnaogopa meza kuu.

Bin Mikindani
Pwani tunaogopa? Mei 2013, gesi yetu inataka kupelekwa Dar kwa bomba, nani alikuwa barabarani Mtwara mjini na mabomu ya machozi yanalia? Futa kauli yako.

Kijana wa Masasi
Januari ya mwaka huo huo Masasi paliwaka kabla yenu. Sifuti.

Mkilwa
Mdogo wangu, hiyo misheni unayoringia ilianzishwa 1876 na Askofu Steere wa Kianglikana akiwa na watu waliokombolewa utumwani, aliowaleta kutoka Unguja. Walitokea Pwani hao. Walioleta Injili Masasi walipita Lindi kwa miguu. Heshimu ulikopitia.

Kijana wa Masasi
Sijasema hawakupita. Nimesema hawakukaa.

Mkilwa
Maneno ya dharau hayo, na umeyasema kwa watu wazima.

Mama Ndanda
Turudini kwenye hoja, jamani. Hospitali yetu ya Ndanda ni ya Wabenediktini, na wodini wamelala Waislamu na Wakristo, hakuna anayeulizana. Tutagombana kwa sababu ya kusimulia tu? Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji. Februari 1977 Luwum akauawa. Kumwambia mkubwa kweli ni sehemu ya imani yetu tangu zamani.

Chikongola
Luwum alitetea watu wanaouawa. Hakusimama kueleza siku aliyookoka.

Mama Ndanda
Luwum alikuwa mtu wa uamsho, ule wa Wakristo wa Afrika Mashariki, aliokoka 1948 na alilisema kila mahali. Ujasiri wa 1977 ulitoka huko huko. Na mama yetu naye, angesoma "kangomba wadhibitiwe" kwenye karatasi, nani angetikisika? Alijitaja yeye. Pale mbele mimi niliona watu wawili watatu wa chama chetu cha ushirika wanaangalia chini.

Mwalimu wa Newala
Basi hapo tumefika penyewe. Kama aliwalenga wale, alitumia wokovu kumshitaki mtu ambaye hawezi kujibu. Petro anasema tuwe tayari kueleza tumaini letu, lakini kwa upole na hofu.

Bin Mikindani
Hakumtaja mtu, Mwalimu. Waliinamisha vichwa wenyewe. Mama Ndanda, unamfahamu? Alisema anawarudishia watu. Kwetu hajafika.

Mama Ndanda
Namfahamu. Anaanza na wajane, na ana daftari la majina. Mzee wako alikuwa anauzia upande gani?

Bin Mikindani
Nakutumia pembeni. Mwambie mzee yuko hai, anasikia vizuri, na hela si lazima zote. Aje na lile bakuli.

Kijana wa Masasi
Na mimi bado nasubiri mtu anijibu kuhusu meza kuu.